Kilo 2,970 zimekwenda wapi? Kisa cha ghala la AMCOS na nadharia iliyofika nusu

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundishia. Chama chenyewe, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima wa korosho (AMCOS), si chama fulani, na tarakimu zimechaguliwa ili msomaji aweze kuifuata hesabu. Mwenendo wake, hata hivyo, ni ule unaorudi msimu hata msimu kwenye maghala ya vijijini Tandahimba, Newala, Masasi na Nachingwea, na aliyewahi kukaa meza ya upokeaji atautambua kabla ya kumaliza ukurasa.

Njia ya korosho inajulikana. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie kwenye zao hili mkoani Mtwara msimu wa 2007/08, mkulima hupeleka korosho zake chama cha msingi, zinapimwa, anapewa risiti. Korosho zinakaa ghala la chama hadi zitimie shehena ya lori. Lori linakwenda ghala kuu, mzigo unapimwa upya na kukaguliwa ubora, na stakabadhi inaandikwa kwa uzito wa huko. Mnadani mnunuzi analipia kilo za stakabadhi. Chama kinadaiwa na mkulima kilo za risiti. Pengo lolote kati ya mizani ya kijijini na mizani ya ghala kuu ni deni lisilo na mwenyewe, na kila msimu lazima mtu atafutwe wa kulibeba.

Chama chetu kiko uwanda wa Makonde, wilaya ya Tandahimba. Kina ghala moja, mtunza ghala mmoja na mpima mmoja. Shehena tano za kwanza, kila moja magunia 375 ya kilo 80, yaani kilo 30,000 za kwenye vitabu, zilifika ghala kuu hivi:

Shehena ya 1: wastani wa siku 19 ghalani, upungufu kilo 895
Shehena ya 2: siku 16, upungufu kilo 745
Shehena ya 3: siku 9, upungufu kilo 560
Shehena ya 4: siku 6, upungufu kilo 405
Shehena ya 5: siku 4, upungufu kilo 365

Jumla ni kilo 2,970 kati ya 150,000, karibu asilimia 2. Tukichukua bei ya shilingi 3,000 kwa kilo, hizo ni shilingi 8,910,000. Bodi ilikutana. Safu ya siku haikuwa kwenye taarifa iliyosomwa kikaoni. Ilisomwa jumla peke yake. Uamuzi ukawa mfupi: kuanzia shehena ya sita, kila kilo itakayopungua italipwa na mtunza ghala na mpima, nusu kwa nusu.

Wajumbe hawakuamua hivyo kwa chuki. Miezi michache nyuma walihudhuria semina ya utawala bora, na somo lililowakaa ni lile la mwenye mali na wakala wake: wakala anajua asichokijua mwenye mali, ana maslahi yake, kwa hiyo mfunge kwa mkataba ili hasara yako iwe hasara yake. Chimbuko la somo hilo ni makala ya Michael Jensen na William Meckling ya mwaka 1976, ambayo imefundishwa kwenye vyuo vya biashara dunia nzima hadi ikawa kama akili ya kawaida. Mwezeshaji wa semina hakusema uongo. Tatizo ni kwamba nadharia ilifika Tandahimba nusu.

Nusu iliyobaki njiani ni hii. Mwaka 1979 Bengt Holmström, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2016 pamoja na Oliver Hart, alionyesha kwa hesabu kwamba malipo ya wakala yafaa yategemee tu vipimo vinavyotoa habari kuhusu juhudi yake. Kipimo kinachopanda na kushuka kwa sababu asizozitawala kinamwongezea wakala hatari na hakikuongezei wewe uwezo wa kumsimamia. Kilo zilizopungua kati ya kijiji na ghala kuu zinabeba ndani yake maji yaliyokauka, uzito wa gunia, hitilafu ya mizani, korosho zilizomwagika, na wizi kama upo. Kumtoza mtunza ghala jumla ya hayo yote ni kumtoza jua. Kwa hiyo bodi ilifanya, kwa jina la nadharia ya wakala, jambo ambalo nadharia yenyewe, ikisomwa hadi mwisho, inalikataza.

Hapa ndipo sisi tunapotofautiana na wale wanaosema nadharia za vyuoni hazina kazi mashinani. Mara nyingi kinachofika mashinani ni kauli mbiu ya nadharia, na masharti yake yanabaki kwenye jarida. Kauli mbiu huwa fupi na kali, inafaa kikaoni. Masharti yanahitaji daftari.

Basi tulifungue daftari. Ukipanga shehena tano kwa siku badala ya kwa jumla, upungufu unashuka pamoja na siku karibu kwa mstari mmoja. Ukiuchora mstari huo kwa hesabu ya kawaida ya takwimu, unapata kilo 220 zinazopungua kwa shehena hata kama korosho zisingelala ghalani hata usiku mmoja, na juu yake kilo 35 hivi kwa kila siku ya kukaa. Jaribu shehena ya tatu: 220 kujumlisha 9 mara 35 ni 535; upungufu halisi ulikuwa 560. Hakuna shehena iliyokwenda mbali na mstari kwa zaidi ya kilo 35, ambazo hazifiki hata nusu gunia.

Sehemu ile isiyobadilika, kilo 220, ukiigawa kwa magunia 375 ni kama gramu 590 kwa gunia. Tarakimu inayojirudia gunia kwa gunia namna hiyo inaelekeza kidole mezani, si gizani. Ikafuatwa. Kwenye mizani ya chama, mpima alikuwa anatoa nusu kilo kwa ajili ya gunia la jute. Magunia kumi matupu yakapimwa pamoja: kilo 10. Gunia moja ni kilo moja, na ghala kuu walikuwa wanatoa kilo moja. Kwa hiyo kila gunia mkulima aliandikiwa nusu kilo ya jute kama korosho. Hapo zimekwenda kilo 187.5 za kila shehena, na hakuna aliyezitia mfukoni kwa makusudi. Zinazobaki, kilo 30 na ushei, zinatosha kuelezwa na korosho zinazochuruzika kwenye matundu ya magunia na tofauti ndogo ya mizani mbili.

Sehemu inayokua kwa siku ni maji. Biashara ya korosho ghafi hutaka unyevu wa asilimia 8 hadi 10. Korosho iliyookotwa na kuanikwa siku moja tu inaweza kuingia ghalani na 12. Ikishuka kutoka 12 hadi 10, watu wengi husema imepungua asilimia 2, na hesabu hiyo ina kasoro ndogo. Kitu kisichobadilika ni sehemu kavu: kwenye kilo 100 za mwanzo, kavu ni 88. Baada ya kukauka, hizo 88 ndizo asilimia 90 ya uzito mpya, kwa hiyo uzito mpya ni 88 kugawa kwa 0.90, yaani kilo 97.8. Kimepotea asilimia 2.2. Kwa shehena ya kilo 30,000 hizo ni kilo 667. Sasa rudi shehena ya kwanza: siku 19 mara 35 ni 665.

Msomaji makini ataona upenyo, na yuko sahihi. Mwizi mwenye nidhamu, anayechota kilo 35 kila usiku, angechora mstari huo huo. Isitoshe, siku na majira vimechanganyika: shehena za mwanzo zilikaa kwenye ukavu wa Oktoba, za baadaye zilikutana na wingu la mvua za Desemba, wakati korosho haikauki haraka. Nukta tano haziwezi kutenganisha mambo hayo. Mstari unakuambia wapi pa kutazama, na kazi yake inaishia hapo. Kinachotenganisha maji na mwizi ni vitu viwili vya bei ndogo: kipima unyevu kinachotumika siku ya kupokea na siku ya kupakia, na magunia matano ya ushahidi, yaliyoshonwa mdomo na kupigwa lakiri mbele ya wajumbe, yanayopimwa kila siku ya tatu. Gunia lenye lakiri nzima likipungua kwa kasi ile ile ya ghala zima, hapo hakuna wa kukamatwa. Ghala likipungua na magunia ya ushahidi yasipungue, ita polisi.

Utofauti huo kati ya upungufu wa mfumo na upungufu wa tukio una miaka mia moja. Walter Shewhart aliuchora kwa mara ya kwanza mwaka 1924, akiwa mhandisi wa viwanda vya simu Marekani, na W. Edwards Deming akaubeba hadi Japani mwaka 1950. Hoja yao ni kwamba kila kazi ina mtikisiko wake wa kawaida, na meneja anayeuchukulia mtikisiko huo kama kosa la mtu fulani anaharibu zaidi. Nadharia ya wakala na nadharia ya Shewhart zinatabiri picha mbili tofauti kwenye daftari moja. Bodi haikuhitaji kuchagua ipi inaipendeza. Ilihitaji kupima.

Badala yake ilitoza. Mtunza ghala katika kisa hiki analipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Shehena yenye upungufu wa kilo 400 ni shilingi 1,200,000, na nusu yake ni mshahara wa miezi miwili. Mtu yeyote mwenye watoto angejihami, naye alijihami. Yeye na mpima wakaanza kuandika kilo moja pungufu kwa kila gunia la mkulima: mizani inasoma 81, kitabuni 80. Matokeo:

Shehena ya 6: siku 6, upungufu kilo 55
Shehena ya 7: siku 5, upungufu kilo 20
Shehena ya 8: lori dogo la magunia 125, siku 2, ziada kilo 28

Kwenye taarifa ya bodi hiyo ilisomeka kama ushindi. Adhabu imefanya kazi. Lakini ipitishe kwenye mstari wetu: shehena ya sita ilitarajiwa kupungua kilo 430, na kilo 375 zilikuwa zimekwisha kunyofolewa mezani, zikabaki 55. Ya saba vivyo hivyo, 395 kutoa 375. Ya nane ndiyo iliyoumbua mambo, maana korosho kavu haiongezeki uzito kwa siku mbili ghalani. Ziada ikionekana ghala kuu, kuna mkulima aliyepunjwa kijijini. Kwa shehena tatu wamepunjwa kilo 875, shilingi 2,625,000, na hakuna mstari wa daftari unaoonyesha.

Angalia pia lori. Kwa nini shehena ya nane ni ya magunia 125? Mkulima anajua mzigo wake. Aliyepima nyumbani kwa mizani ya jirani akakuta tofauti ya kilo moja kwa gunia hatapiga kelele chamani. Gunia linalofuata atalipeleka chama cha kijiji cha pili kwa jina la shemeji, au atamuuzia usiku mtu wa kangomba, yaani anayenunua korosho kwa magendo nje ya chama. Kangomba ni marufuku na inampunja zaidi, lakini inalipa papo hapo na haijifanyi kuwa ya haki. Bodi iliokoa kilo kwenye karatasi ikapoteza mzigo wenyewe, na pamoja na mzigo ushuru wa chama.

Steven Kerr aliandika mwaka 1975 juu ya upumbavu wa kulipia jambo moja huku unatarajia jingine. Bodi ilitarajia uaminifu, ikalipia kulingana kwa tarakimu mbili. Ikapata ilichokilipia. Sumantra Ghoshal, kwenye makala iliyochapishwa mwaka 2005, alikwenda mbali zaidi na kulaumu nadharia zenyewe: ukimfundisha meneja kwamba kila mtu ni mjanja, atajenga mfumo unaozalisha wajanja. Kuna ukweli humo, ila kwa kisa hiki tunaona ameikoleza. Mtunza ghala hakubadilika tabia kwa kushukiwa. Alipiga hesabu tu, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Kipima unyevu? Kilikuwepo. Rejista ya unyevu ilikuwa imejazwa bila kuruka siku, na safu nzima imeandikwa 10.0, kuanzia Oktoba hadi Desemba, kwa mwandiko mmoja na wino mmoja. Ukifungua kifuniko cha kifaa unakuta betri imevuja na kuota ukungu wa kijani. John Meyer na Brian Rowan walieleza mwaka 1977 jinsi taasisi zinavyobeba taratibu kwa ajili ya kuonekana halali mbele ya wanaozikagua, huku kazi halisi ikienda njia yake. Rejista ile ilikuwa ya mkaguzi, na mkaguzi alipofika aliikuta imejaa. Hatungemlaumu aliyejaza kabla ya kuuliza ni nani aliyekuwa na jukumu la kununua betri, na bajeti yake ilikuwa wapi. Haikuwepo.

Marekebisho yaliyofuata yanaweza kufanywa na chama chochote kabla msimu haujafunguliwa. Pima magunia matupu kumi kwa kila bando jipya, gawa kwa kumi, na uzito huo uandikwe ubaoni hapo mezani ili mkulima aone kinachotolewa. Mizani ikaguliwe kwa mawe ya kilo 20: moja, mawili, matatu, manne, asubuhi kabla ya kuanza, na tena mchana. Wapo wanaojaribu kwa jiwe moja tu wakaridhika. Mizani inaweza kusema kweli kwenye 20 na kudanganya kwenye 80, na korosho zinapimwa kwenye 80. Stika ya Wakala wa Vipimo haiondoi haja hiyo, kwa sababu inaeleza hali ya siku ile ya ukaguzi.

Unyevu upimwe kwa sampuli iliyochukuliwa juu, katikati na chini ya gunia. Kosa linalotokea sana ni kuchota juu peke yake, ambako ndiko korosho zilizopigwa jua njiani. Usipime korosho zikiwa bado na joto la mkeka. Kifaa kinadanganyika na joto, ziache kivulini zipoe. Betri ya akiba ikae kwenye droo ya mtunza ghala na iwe kwenye bajeti. Mahali ambapo kifaa hakuna, wakulima wana kipimo chao: korosho kavu ikitikiswa kwenye kiganja inalia, na ukucha haubonyei ganda. Hakitoi tarakimu, lakini kinatosha kuitenga ya 14 na ya 10.

Halafu kila shehena iandikiwe uzito unaotarajiwa kabla lori halijaondoka, kwa hesabu ya sehemu kavu iliyoonyeshwa juu. Mtunza ghala aulizwe juu ya tofauti kati ya uzito uliotarajiwa na uliofika, si juu ya upungufu wote. Kwa shehena ya kilo 30,000 tungeanza na uvumilivu wa kilo 60, karibu mara mbili ya mtikisiko uliokwishaonekana, na kuupunguza daftari likishakuwa na shehena ishirini. Ikivuka mara moja, anaeleza kwa maandishi. Mara ya pili, magunia ya ushahidi yanafunguliwa mbele ya wajumbe. Mara ya tatu ndipo mfuko wake uguswe. Ngazi hizo zinafanana na alichokiona Elinor Ostrom, mshindi wa Nobel wa mwaka 2009, kwenye jumuiya zilizodumu kusimamia misitu, maji na malisho yao: adhabu inaanza ndogo, na msimamizi anawajibika kwa wanachama wenyewe. Kwa hiyo mkulima mmoja wa zamu akae mezani akisoma mizani kwa sauti. Kwa mtunza ghala huyo ni kinga, na watunza ghala wengi huliona hilo haraka kuliko wajumbe wa bodi.

Jambo moja halitatuliwi na nadharia yoyote kati ya hizi: nani alipe maji? Wazo linalokuja upesi ni kuharakisha malori. Ukitoka siku 19 hadi 6 unaokoa siku 13 mara kilo 35, yaani kilo 455 kwa shehena, shilingi 1,365,000. Inavutia, na ni hesabu ya kujidanganya, kwa kuwa maji hayajaondoka. Yamefika ghala kuu yakiwa bado ndani ya korosho, na mzigo wa asilimia 12 unaweza kurudishwa au kushushwa daraja. Wazo la pili ni chama kilipe kutoka kwenye ushuru. Hapo aliyeanika siku tatu na kuleta korosho inayolia anamlipia jirani aliyeanika siku moja, na msimu ujao naye ataanika siku moja.

Kilichobaki ni kukata shauri mezani kabla ya mizani: juu ya 10 haipimwi, inaanikwa. Hilo linadai sakafu ya kuanikia karibu na ghala, maturubai, na mtu wa kulinda mzigo wa mkulima usiku. Linadai pia kifaa cha pili, maana siku ya foleni ndefu kipima unyevu kimoja kwa wakulima mia ni ugomvi, na mpima aliyezongwa atarudi kuandika 10.0 toka juu hadi chini. Gharama hizo zipelekwe mkutano mkuu na makisio yake kabla ya Oktoba, zikiwa zimepangwa upande mmoja wa ukurasa, na upande wa pili zile shilingi 8,910,000 zikiwa zimegawanywa: kiasi gani kilikuwa gunia, kiasi gani kilikuwa maji, na kiasi gani hakijulikani. Kwa shehena zile tano majibu ni takriban kilo 937, kilo 1,890, na kilo 143.